Skrini moja, kazi mbili: jinsi runinga na kompyuta zilivyoachana na kurudiana

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme mjini Kitale au Bungoma leo. Ile runinga pana na bapa iliyotundikwa ukutani kuonyesha mpira inaweza pia kuwa skrini ya kompyuta. Waya mmoja wa HDMI, basi, kazi imekwisha. Wengi hudhani huu ni uvumbuzi mpya. Sivyo! Runinga na kompyuta ya nyumbani zilianza pamoja, zikaachana, kisha zikarudiana. Historia hiyo ina faida kwa mzazi yeyote anayetaka mtoto wake ajifunze kuandika programu bila kufilisika.

Tuanze na runinga yenyewe. Nchini Kenya ilianza mwaka 1962, na mtambo wa kwanza ulikuwa Limuru, ukifika umbali wa maili 15 tu (kama kilomita 24). Kitale iko zaidi ya kilomita 300 kutoka huko, kwa hiyo watu wa huku walisubiri sana. Rangi zilikuja mwaka 1978. Hata baada ya hapo, vijiji vingi vya Trans Nzoia na Bungoma visivyo na umeme viliijua runinga kama kisanduku kidogo cha picha nyeusi na nyeupe, kilichoendeshwa kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu, habari nazo zimeisha.

Wakati huo huo ng'ambo, kompyuta za nyumbani zilikuwa hazina skrini yake. Apple II ya 1977, BBC Micro ya 1981, ZX Spectrum na Commodore 64 za 1982: zote ungeweza kuzichomeka kwenye runinga ya sebuleni. Vijana wa Uingereza na Marekani walijifunza kuandika programu wakiwa wamekaa sakafuni mbele ya runinga ya wazazi wao.

Kwa nini basi zikaachana? Sababu ni maandishi. Runinga ya mfumo wa PAL, tuliotumia Kenya, ilikuwa na mistari 576 ya picha inayoonekana, tena iliyochorwa kwa zamu, nusu kwanza halafu nusu nyingine. Kwa uso wa mtu anayesoma taarifa, hakuna shida. Kwa herufi ndogo, ni mateso. Commodore 64 ilitosheka na herufi 40 kwa mstari, na Spectrum 32 tu. Mhasibu wa ofisini alihitaji 80. Ndiyo maana IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 iliiuza pia na monita yake, yenye herufi za kijani zilizosomeka vizuri. VGA ilipokuja mwaka 1987 talaka ikakamilika. Ukitaka vyote viwili, ilibidi ununue viwili.

Kilichozirudisha pamoja ni umbo pamoja na kioo. Umbo la zamani la runinga, 4:3, lilirithiwa kutoka filamu za miaka ya 1890. Katika miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Kerns Powers, alitafuta umbo moja ambalo lingebeba filamu za kila aina. Hesabu yake naipenda kama mtu wa programu: chukua 1.33 (yaani 4:3), zidisha kwa 2.35 (filamu pana za sinema), kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata 1.77, ambayo ni karibu kabisa na 16:9. Skrini pana unayotazama leo ni maelewano kati ya runinga ya kale na sinema.

Kisha paneli za LCD zikachukua nafasi ya zile runinga zenye mgongo. Paneli haina mistari ya zamu. Ina pikseli, kama monita. Mwishoni mwa 2002 HDMI ikatolewa, na kufikia mwaka 2010 hivi monita za kompyuta nazo zilikuwa zikihamia 16:9, kwa sababu viwandani kukata kioo cha umbo moja ni nafuu. Ndoa ikarudi.

Kwetu Kenya ndoa hiyo ilisukumwa na serikali. Mwezi Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ilianza kuzima matangazo ya analogi. Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Watu wanakumbuka ugomvi ule tu. Lakini kila nyumba ilibidi iamue: kununua king'amuzi na kubaki na runinga ya mgongo, au kununua runinga mpya ya dijitali. Waliochagua ya pili wengi wao walileta nyumbani, bila kujua, monita yenye tundu la HDMI.

Nilipokuwa nasomea kompyuta Bungoma, mimi na mwenzangu chumbani tulikuwa na skrini moja ya inchi 32. Mchana msimbo, Jumamosi jioni mpira. Hapo niliona kwamba tabia za zamani hazijafa. Runinga nyingi bado hukata kingo za picha, kwa sababu runinga za mgongo zilificha kingo zisizo nadhifu. Ndiyo maana menyu ya chini ya kompyuta hupotea. Tafuta "Just Scan" au "Screen Fit" kwenye mipangilio. Herufi za rangi zikiwa na ukungu, badilisha jina la tundu la HDMI liwe "PC". Runinga nyingi zitaacha kubana rangi. Na paneli ya 1366 kwa 768? Ni 768 mara 16 gawanya kwa 9, yaani 1365.33, ikapandishwa. Namba 1366 haigawanyiki kwa 8, hivyo ukitumia waya wa VGA mara nyingi utapewa 1360.

Jambo moja skrini haikutatua: muda. Baba anataka habari saa moja, mtoto anataka kompyuta. Hilo ni la kupanga nyumbani, si la kununua dukani.

Mwaka 2012 Waingereza walitoa Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyowaza upya BBC Micro: ichomeke kwenye runinga uliyo nayo. Ile ya kwanza ilikuwa na HDMI na pia tundu la runinga ya mgongo. Kwa hiyo, mzazi wa Kiminini au Webuye, kabla hujaambiwa kwamba mtoto anahitaji monita yake, geuza runinga yako uangalie nyuma.