Mac: mkalimani akiondoka, programu za zamani zinabaki bubu

Mwezi wa Juni 2025, kampuni ya Marekani Apple ilitangaza kwamba Rosetta itabaki kamili katika kompyuta zake za Mac hadi mfumo wa macOS 27 tu. Baadaye kitabaki kipande chake kidogo, kwa ajili ya michezo fulani ya zamani. Kwa asiye na Mac, habari hiyo inapita kama upepo. Lakini inagusa yeyote aliyenunua kompyuta ya mkono wa pili, ao mwenye maandishi na picha za jamaa ndani ya mashini iliyochoka. Tena si mara ya kwanza: Apple imekwisha kubadilisha aina ya prosesa mara tatu, na kila mara kuna programu zilizoachwa njiani.

Ndugu wasikilizaji, prosesa ndiyo kichwa cha kompyuta. Inasoma maagizo na kuyatimiza, lakini kila aina ya prosesa ina lugha yake. Programu inayouzwa dukani si yale maandishi aliyoandika mtengenezaji. Imekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya prosesa moja. Ukiipeleka kwenye prosesa ya aina nyingine, ni kama daktari anayejua Lingala tu kukutana na mgonjwa anayejua Kihunde tu. Hakuna aliye mjinga kati yao, ila bila mtu wa kusimama katikati hakuna matibabu.

Mac ya kwanza ilitoka Januari 1984 na prosesa ya Motorola, iliyoitwa 68000. Kwa miaka kumi programu zote za Mac ziliandikwa kwa lugha ya jamii hiyo. Mwaka 1991 Apple, IBM na Motorola zilikubaliana kutengeneza prosesa mpya, PowerPC, na Machi 1994 Mac za kwanza zenye prosesa hiyo zikaingia sokoni. Wakati huo karibu hakukuwa na programu iliyoijua lugha ya PowerPC.

Aliyeokoa hali ni mhandisi wa Apple, Gary Davidian. Yeye aliandika mkalimani aliyewekwa ndani ya mashini yenyewe: anasoma agizo la lugha ya zamani na kulitimiza kwa lugha mpya. Mwenye kompyuta hakubonyeza kitu. Aliwasha, akafungua programu yake ya mwaka 1990, akaendelea na kazi. Hata sehemu kubwa ya mfumo wa Mac wenyewe ilikuwa bado imeandikwa kwa lugha ya zamani, kwa hiyo mkalimani huyo alifanya kazi mchana kutwa hata kama mwenye mashini alinunua programu mpya tupu. Bei yake ilikuwa mwendo. Programu za zamani zilikokota miguu, na zile zilizodai kipande maalum cha hesabu za desimali hazikufunguka kabisa.

Pamoja na mkalimani kulikuwa na dawa nyingine. Watengenezaji waliweza kuweka lugha zote mbili ndani ya faili moja, na kila mashini ikachukua upande wake. Faili ilinenepa na kula nafasi, lakini mnunuzi hakuhitaji kujua ana mashini gani. Mtindo huo umerudi kila mara Apple ilipohama.

Safari ya pili ilianza tarehe 6 Juni 2005, San Francisco. Steve Jobs alipanda jukwaani na kusema Mac zinahamia prosesa za Intel. Miaka miwili mbele yake alikuwa ameahidi kwamba ndani ya miezi kumi na miwili PowerPC itafika gigahezi 3. Haikufika, na ile yenye nguvu zaidi ilitoa joto jingi mno kwa kompyuta ya kubeba. Siku hiyo Jobs alifunua pia siri: kwa miaka mitano mfumo wa Mac ulikuwa ukitengenezwa pembeni kwa lugha ya Intel, uwe tayari kama ungehitajika. Katika historia hii yote hakuna uamuzi wenye busara kuliko ule wa kutayarisha nyumba ya pili wakati ya kwanza haijavuja.

Mkalimani wa safari hii ndiye Rosetta wa kwanza, aliyejengwa juu ya kazi ya kampuni ya Transitive, yenye asili yake Manchester, Uingereza. Jina limetoka kwenye jiwe lililookotwa Misri mwaka 1799, lenye tangazo moja kwa maandishi ya namna tatu. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya 1994. Lugha ya maagizo ilikuwa tofauti, na hata namna ya kuandika namba iligeuka: PowerPC huanza na upande mkubwa wa namba, Intel huanza na upande mdogo. Ni kama muuzaji mmoja wa soko kutaja maelfu kwanza na mwenzake kutaja makumi kwanza. Bei ni ileile, lakini asiyejua anaweza kulipa mara mia.

Mac za Intel zilianza kuuzwa Januari 2006. Waliofanya kazi ya picha kwa Photoshop waliumia, kwa sababu programu hiyo nzito ilipita kwa mkalimani hadi Adobe ilipoleta yenye lugha ya Intel mwaka 2007. Microsoft ilileta Office yake Januari 2008. Lakini Rosetta hakuwasaidia wote. Zile programu za miaka ya 1980 na 1990, ambazo PowerPC ilikuwa ikizibeba kwa mkalimani wa Davidian, zilifungiwa mlango katika Mac za Intel. Apple haikutaka mkalimani juu ya mkalimani.

Kisha ikaja Julai 2011. Mfumo mpya ulioitwa Lion ulitoka bila Rosetta. Mtu aliyekubali kuuweka aliamka asubuhi na kukuta Office ya 2004 haifunguki. Quicken ya 2007, ambamo watu walitunza hesabu za nyumba, nayo ilinyamaza, na kampuni yake ilileta dawa mwaka 2012 tu. Waliokuwa wameandika barua na kazi za shule ndani ya AppleWorks, programu ya Apple yenyewe, walibaki na faili nzima kwenye diski, lakini programu yenyewe haikufunguka tena. Hakuna kilichoharibika. Mwenye nyumba alimwondoa tu mkalimani, kwa ratiba yake, si ya wapangaji.

Safari ya tatu ilitangazwa Juni 2020, na Mac za kwanza zenye prosesa ya M1, iliyobuniwa na Apple yenyewe, zilitoka Novemba. Lugha yake ni ya jamii ya ARM, ileile ya karibu simu zote za mkononi. Rosetta wa pili ni mtafsiri zaidi kuliko mkalimani: mara nyingi huitafsiri programu nzima kabla haijafunguliwa, kama mtu anayepewa barua usiku na kuirudisha asubuhi imeandikwa upya. Apple iliitengeneza hata prosesa yenyewe ili iweze kufuata kanuni ya Intel ya kupanga kumbukumbu, jambo lililompunguzia Rosetta mzigo mkubwa. Mwendo ukawa mzuri hata wengi wakasahau kwamba mtafsiri yupo. Wengine watakumbuka siku atakapoondoka.

Picha iliyotunzwa kwa JPEG mwaka 1995 imevuka safari zote tatu bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu kanuni ya kuisoma iko wazi na kila prosesa imeandikiwa programu ya kuifungua. Maandishi ya AppleWorks hayakuwa na bahati hiyo, maana kanuni yake ilikuwa ndani ya programu moja ya kampuni moja. Hata hivyo si yote yaliyopotea. Watu wanaotengeneza programu huria walikaa na faili hizo, wakachambua jinsi zilivyopangwa, na tangu mwaka 2013 LibreOffice, ambayo haiuzwi, inaweza kufungua nyingi kati yake, iwe kwenye Mac, Windows ao Linux, hata kwenye mashini ambayo haijawahi kuona prosesa ya Motorola.