Maji, Nyasi, Nzige

Andika maneno haya: maji, nyasi, nzige. Yaunge kwa mishale. Ziwa Rukwa halina mto wa kutoa maji. Likijaa hufunika mbuga. Likipungua nyasi huota, na nzige wekundu hutaga humo. Tangu 1930 hadi 1944 walikula mazao ya nchi nyingi. Wazee walipiga madebe, nzige wakahamia kwa jirani! Wataalamu walitambua kwamba makundi huanzia katika mbuga chache kama hizi. Mwaka 1949 likaundwa shirika, makao yake Abercorn, leo Mbala, ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Tunduma, ili nzige wauawe kabla hawajaruka. Mwaka 2009 walinyunyiziwa kuvu iuayo nzige, ndege wawalao wasidhurike. Sasa andika neno la nne, ndege, uchore mshale wake.