Sultan Khan na Ngome Mbili

Sataranji, ambayo jina lake limetoka Bara Hindi likapita kwa Waajemi na Waarabu, ilipofika Ulaya iligeuzwa kanuni zake. Lakini katika Punjab wazee waliendelea kuicheza kwa ada ya kwao, askari akianza kwa hatua moja badala ya mbili, na mfalme akiwa na ruhusa ya kuruka mara moja kama farasi. Hivyo ndivyo Mir Sultan Khan alivyofunzwa na babake, kabla hajafuatana na mlezi wake, Sir Umar Hayat Khan, kwenda London mwaka 1929, pasipo elimu ya vile vitabu vya mianzo ambavyo mabingwa wa Ulaya walivihifadhi kama wanachuoni wahifadhivyo matini. Mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa Uingereza.

Katika mashindano ya Hastings ya majira ya baridi ya 1930–31 alikabiliana na José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hata 1927, ambaye aliwahi kukaa miaka minane asishindwe hata mchezo mmoja. Zama hizo hapakuwa na hesabu za kupima daraja za wachezaji, wala hazikuhitajika: kila mtu alijua nani mkubwa kati ya wawili hao. Capablanca, mwenye kete nyeusi, alizipenyeza ngome zake mbili, moja baada ya nyingine, akimtishia mfalme. Sultan Khan, bila ya papara, akamtoa malkia wake na kuzitwaa ngome zote mbili. Tangu hapo malkia mweusi alirandaranda asione pa kuingilia, na ngome nyeupe zikasogezwa taratibu, zikilindana, kwa subira ambayo naamini ilitokana na wale askari wa hatua moja wa utotoni. Baada ya hatua zaidi ya 60 Capablanca akasalimu amri.

Sultan Khan alitwaa ubingwa wa Uingereza tena mwaka 1932 na 1933, kisha akarejea kwao, akaishi mbali na mashindano hadi alipofariki mwaka 1966. Cheo cha ustadi mkuu, nacho cha heshima tu, Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimpa mwaka 2024, naye amekwisha kulala kaburini miaka 58. Na hilo, kwa haki aliyostahili, laniuma hata leo.