Bolti za tairi zilizoharibika: Namna ya kuzitengeneza

KISIWA cha Pemba kina vilima vingi, na hewa ya chumvi ya bahari huila chuma haraka. Kwa mwenye gari la zamani aina ya Land Rover, ajali mbaya mteremkoni yaweza kuanzia kwenye bolti moja ya tairi.

Bolti huharibika kwa kukazwa kupita kiasi, nati kuingizwa kombo, au nati kulegea hadi ringi ikasuguana na meno.

Yenye kutu au meno yaliyopinda kidogo husafishwa kwa brashi ya waya, kisha hupitishwa kifaa cha kuchongea meno cha kipimo chake. Katika Land Rover Defender ya zamani, kipimo hicho ni milimita 16, na nafasi ya jino hadi jino ni milimita 1.5. Iliyonyofoka meno au kuvutika haitengenezwi, hubadilishwa.

Fundi huliweka gari juu ya stendi imara, hufungua habu, huitoa bolti mbovu kwa kuisukuma, kisha huingiza mpya kutokea nyuma hadi kichwa kikae sawasawa. Kuchomelea hakufai, kwani moto huondoa uimara wa chuma.

Nati hukazwa kwa kupishana, kwa spana ya kupimia nguvu, na hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 80. Ikumbukwe kuwa bolti moja ikikatika, nne zilizosalia hubeba mzigo wake; nazo sharti zikaguliwe kabla ya safari.