Swichi ni ya Mgeni

Ukiwa umepanga nyumba Kisumu siku hizi, huenda juu ya mabati yako kuna paneli za sola. Stima hupotea kila ngurumo za jioni zinapopiga, landilodi akachoka, akaleta fundi. Mimi huwauliza wapangaji wenzangu swali moja dogo: hiyo kitu huzimwa wapi? Wengi hunionyesha mlango uliofungwa kufuli. Ufunguo anao keateka.

Nimejaribu kufuatilia tulivyofika hapa, na miaka miwili inajirudia: 1984 na 2012.

Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya Karamugi kule Meru, mwalimu Mmarekani Mark Hankins na mhandisi Harold Burris walileta taa za sola darasani. Kufikia miaka ya 90, vipaneli vya wati 12 au 14 vilikuwa vinauzwa kaunta kama redio. Nyumba ilikuwa na kipaneli kimoja, betri ya gari, taa mbili na TV ndogo isiyo na rangi. Ukitaka kuzima kila kitu, unachomoa waya kwenye betri. Volti 12 haikurushi. Hakuna aliyeuliza swichi iko wapi, kwa sababu mtambo wote uliuona ukiwa umeketi kwenye kiti.

Ziwani mambo yalikuwa hayohayo. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua kituo Mbita cha kuchaji taa kwa sola, ili wavuvi wa omena waachane na karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2012 ikaja M-KOPA, unalipa kidogokidogo kwa simu. Swichi ilikuwa kitufe tu. Kizazi kizima kikajifunza kwamba sola ni stima ya upole.

Lakini paneli moja ya leo hutoa karibu volti 40. Funga kumi kwa mfuatano juu ya mabati, unapata 400. Tena ni umeme wa DC. Stima ya Kenya Power hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo cheche ya swichi hupata nafasi ya kufa. DC haipumziki. Ukichomoa waya wake ukiwa na mzigo, mwali unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine na unaendelea kuwaka. Swichi ya kawaida ya ukutani haiuwezi. Na jua lenyewe halina swichi: hata ukikata stima chini, waya wa juu bado una nguvu hadi giza liingie.

Ndiyo maana sheria za swichi zikaandikwa. Mwaka uleule wa 1984, kanuni za umeme za Marekani ziliongeza sehemu nzima ya sola. Agizo moja lilikuja kujulikana sana: swichi iwe mahali panapofikika kwa urahisi, nje ya nyumba au pale waya zinapoingilia, na si bafuni. Mwaka 2002 kanuni za kimataifa za IEC zikataka inveta iweze kutengwa pande zote mbili, upande wa paneli na upande wa stima.

Australia ikaenda mbali zaidi. Mwaka 2012 iliagiza swichi iwekwe hata juu ya paa, kando ya paneli. Nia ilikuwa njema, ila jua na mvua vikaingia ndani ya visanduku hivyo, na wazima moto wakawa wanakuta mara kwa mara kwamba moto ulianzia kwenye swichi yenyewe. Mwaka 2021 agizo hilo likaondolewa.

Kenya nayo, mwaka huohuo wa 2012, ilitoa kanuni zake za sola. Fundi lazima awe na leseni: T1, T2 au T3, kulingana na ukubwa wa kazi. Miaka 28 baada ya Karamugi.

Ukizisoma sheria hizi pamoja, unaona anayefikiriwa si mwenye nyumba. Yeye anajua ilipo. Anayefikiriwa ni mgeni: mzima moto, fundi wa pili, jirani. Na kwenye vichochoro vya Nyalenda au Manyatta, gari la zimamoto halifiki kwanza. Jirani ndiye hufika kwanza, na ndoo ya maji mkononi. Maji na volti 400 havipatani.

Kwa hivyo siulizi tena kama ploti ina swichi. Nauliza kama ni ya DC kweli, kama iko chini ya ukingo wa paa ambako jua na mvua haviifikii, na kama kuna kufuli mbele yake. Halafu nauliza kama kuna kibandiko kinachosema "zima hapa" kwa lugha ambayo mama mboga wa nje ya geti anaisoma. Huenda yeye ndiye atakayeikimbilia.