Ini na Sumu Iliyojificha

Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga. Methali hii yahusu mambo ya watu, lakini historia ya uchunguzi wa saratani imeipatia ushahidi katika ini, kiungo ambacho kazi yake mojawapo ni kuulinda mwili na sumu.

Mwaka 1915, huko Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walitangaza kuwa lami ya makaa ya mawe, iliyopakwa mara kwa mara katika masikio ya sungura, ilizaa saratani. Likabaki fumbo: rangi moja ya manjano, iliyopata kutiwa katika siagi, ilipolishwa panya, saratani ilizuka katika ini. Kwa nini ini?

James na Elizabeth Miller, mtu na mkewe, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha mwaka 1947 kwamba rangi ile hushikamana na protini za ini. Kazi yao ya miaka iliyofuata ilibainisha kuwa kemikali nyingi za namna hii si kali kwa asili yake. Ini huzigeuza ili zipate kutoka mwilini, na katika kuzigeuza huzinoa baadhi yake, hata zikaishika DNA, hati ya urithi iliyomo katika chembe. Mlinzi, bila kukusudia, humfungulia mwizi mlango.

Ikahitajika njia ya kumtazama mlinzi huyo kazini. Mwaka 1969 Berry na Friend walipitisha kimeng'enya cha kolajenasi katika ini la panya, nazo chembe zikaachana zikiwa hai. Mwaka 1977 Gary Williams alieleza kipimo chake: chembe hizo hutiwa kemikali katika kisahani, kisha huchunguzwa kama zinaitengeneza DNA yao. Atiaye kiraka, nguo yake imetoboka. Na chembe inayojitengeneza imekwisha kujeruhiwa.

Kipimo hiki kina upungufu. Chembe zilizotengwa hupoteza ustadi wao baada ya siku chache, na ini la panya si ini la mtu. Hata hivyo faida yake si haba. Aflatoksini, sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Vifo hivyo vilionekana upesi. Lakini aila kidogo kidogo haoni dalili, na saratani humjia baada ya miaka mingi. Chembe zilizo kisahanini hulionyesha jeraha hilo kwa siku chache, wakati ambapo ghala bado laweza kukaushwa na mahindi mabovu kutupwa.