Mgomeo, Si Uasi

Kijitabu cha semina moja ya elimu ya uraia kimenifikia hivi karibuni. Karatasi nzuri, jalada la rangi, na ndani yake Rosa Parks anaitwa "muasi wa kiraia". Fundi cherehani yule, aliyekataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery tarehe 1 Desemba 1955, akakamatwa bila kuinua mkono, akatozwa faini ya dola 10 na gharama za mahakama dola 4, leo kwa Kiswahili chetu amepangwa safu moja na wanajeshi wanaoteka ikulu. Wafasiri hawakuona tatizo. Waliikuta "uasi wa kiraia" katika orodha ya istilahi iliyoandaliwa na wanakamati ambao kazi yao ni kuandaa orodha, wakainakili, wakaenda kunywa chai.

Na tuanze na hilo asi. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na mizigo yake yote. Anayemwasi Mola wake ni mwenye dhambi, na dhambi zenyewe ndizo maasi. Anayemwasi mzazi hukosa radhi. Mtazame mtendwa wa kitenzi hiki: watu huuliza umemwasi nani, ni nadra kuuliza umeasi nini. Muasi hana habari na jambo. Anamkana mwenye amri, kiti na aliyekikalia. Ukimpa mtu jina hilo kabla hajafika kizimbani, hakimu amebakiwa na kazi ya kupanga miaka tu.

Dar es Salaam tuna sababu ya ziada ya kulikataa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Lugalo ya leo, waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini na bunduki. Maduka yaliporwa, watu walikufa, na tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashushwa kutoka manowari Centaur kuwazima. Ukimsikia mzee wa Kariakoo akitaja siku za maasi, hizo ndizo siku anazozikumbuka.

Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1962, mji huu huu ulikuwa na wageni waliokuja na jambo la namna nyingine kabisa. Bayard Rustin, aliyekuja kuyaratibu maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 1963, na Bill Sutherland, aliyewahi kufungwa kwao Marekani kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa hapa kwa niaba ya Brigedi ya Amani ya Dunia. Walikuwa wakiandaa watu wasio na silaha wavuke mpaka kwa miguu kuingia Rhodesia ya Kaskazini, kumuunga mkono Kenneth Kaunda na chama chake cha UNIP. Msafara haukuondoka, maana Rhodesia ya Kaskazini iliingia katika uchaguzi mwaka huo huo. Rustin alirudi kwao. Sutherland aliufanya mji huu makazi yake kwa miaka mingi. Sasa kamati inataka mpango wa Rustin na bunduki za Colito vyote viwe uasi, ila cha kwanza kipakwe "wa kiraia" juu yake kama sukari juu ya kwinini.

Nitaambiwa kwamba Waarabu wenyewe husema isyani madani, kwa mzizi ule ule wa asi. Waseme. Wana historia yao na lile neno, nasi tuna yetu.

Hata hiyo "kiraia" haisaidii kitu. Muulize mtu yeyote pale Msimbazi maana ya kiraia, atakujibu ni nguo: askari kaja kiraia, hukumjua mpaka alipokushika mkono. "Uasi wa kiraia" kwa sikio la mjini ni maasi ya watu waliovua magwanda. Ukilifukua zaidi, raia kwa asili yake Kiarabuni ni kundi linalochungwa, na mwenye fimbo ndiye mchungaji; sitaki kufika huko leo, ingawa ningependa. Cha kuudhi ni kwamba sifa hiyo imebandikwa pasipo pake. Henry David Thoreau, ambaye wote wanamtaja na wachache wamemsoma, hakuliandika neno lenyewe la Kiingereza, "civil disobedience", ndani ya insha yake. Alilala jela usiku mmoja mjini Concord, Julai 1846, kwa kutolipa kodi ya kichwa, kodi ambayo babu zetu waliijua kwa jina hilo hilo. Alikuwa akipinga utumwa na vita dhidi ya Mexico. Insha ilipotoka mwaka 1849, kichwa chake kilizungumzia kuipinga serikali ya kiraia. Kichwa tunachohangaika kukifasiri kiliwekwa mwaka 1866, naye alikwisha kufa tangu 1862. Kwa hiyo kiraia ilikuwa sifa ya serikali iliyokataliwa. Waliokataa wamevikwa baadaye, na sisi tukaifasiri kofia badala ya mtu.

Yuko pia ndugu yetu mmoja, msomi kweli kweli, anayependekeza "utotiifu wa kiraia usio wa matumizi ya nguvu". Nimelisoma mara mbili kwa sauti. Sina la kuongeza.

Neno langu ni mgomeo.

Kugoma na kugomea ni vitu viwili. Punda akigoma amegoma, basi. Hakuna anayejua anataka nini. (Wako wanaodai goma na ngoma ni ndugu wa damu. Nawaachia wenye muda.) Lakini wanafunzi wakigomea maharage yenye wadudu, shule bado ni yao na mwalimu mkuu bado ni mwalimu mkuu, kilichokataliwa kimetajwa kwa jina. Ile e ndogo katikati ndiyo inayobeba madai. Kumwasi ni mtu, kugomea ni jambo, na tofauti hiyo ndiyo dhana nzima ya kina Thoreau na Parks, tumeikalia ndani ya sarufi yetu wenyewe huku tukiazima viti kwa jirani. Umbo halina kasoro: elekea imetupa mwelekeo, egemea imetupa mwegemeo, gomea itupe mgomeo. Tena njia imeshapitwa. Mtoto akikasirika hususa. Watu wazima wakikasirika kwa pamoja hususia. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma hapa Dar es Salaam, watu waliisusia bia kuwaunga mkono, na kitenzi kilifanya kazi yake bila kikao cha kukiidhinisha.

Kariakoo wanalijua jambo hili kuliko wanakamati. Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika siku hiyo hiyo, na tarehe 17 akawasikiliza wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja wakilalamikia usajili wa stoo, kodi ya ongezeko la thamani na kamatakamata ya maofisa wa kodi. Jumatatu nyingine, tarehe 24 Juni 2024, mageti yalishuka tena, safari hii mgomo ukasambaa hadi Mwanza na Mbeya. Nilipita Mtaa wa Kongo wiki hiyo. Mbele ya frem moja ya vitenge, kufuli mbili chini na moja juu, kijana mwenye duka alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmegoma?"

"Tumefunga, mzee wangu. Kodi tunalipa, risiti tunatoa. Tunachogomea sisi ni hii kamatakamata."

"Na mimi leo nimegomea kukopesha," akadakia muuza kahawa, akigonganisha vikombe vyake.

Hakuna aliyesema uasi. Angelisema, nadhani wangehama kibaraza.

Mkali wa sheria atanikumbusha kwamba kufunga duka lako si kosa. Ni kweli, ule ulikuwa mgomo. Lakini ndani ya mgomo mlikuwa na jambo lililogomewa. Siku mfanyabiashara atakapofungua frem yake, akauza mchana kweupe, akakataa kusajili stoo na kumsubiri ofisa akiwa na kitambulisho chake mezani, huo utakuwa mgomeo.

Anayetaka mfano uliokamilika aende Upare. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kuigomea mbiru, kodi ya kukadiriwa iliyopewa jina la ushuru wa watawala wao wa jadi. Hawakulichoma boma. Walikaa. Baadaye wanawake nao waliingia katika mapambano hayo, na mwishowe mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu mwaka 1971. Kijitabu cha semina, chenye Montgomery na Birmingham na ramani ya Alabama, hakina Same.

Kuhusu haki ya mtu mmoja kubuni neno, ambayo nimeambiwa sina, nitamtaja Gandhi. Akiwa Afrika Kusini hakuridhika na jina la Kiingereza lililopewa harakati zake, kwa kuwa lilionyesha unyonge mahali pasipo na unyonge. Akatangaza zawadi katika gazeti lake la Indian Opinion kwa atakayeleta jina bora. Ndugu yake Maganlal akaleta sadagraha, yeye akalirekebisha, na mwaka 1908 satyagraha ikawa neno. Gazeti, msomaji mmoja, na mtu mwenye sikio. Kariakoo yenyewe tunaiita hivyo kwa sababu wenyeji waliyasikia majina ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, wakayatamka walivyotaka.

Matumizi: mgomeo wa kodi, mgomeo wa vitambulisho, wagomeaji, kugomea kwa wazi. Si lazima kuongeza "wa amani". Anayegomea kwa rungu amekwisha kuhama neno.

Nililipeleka neno hili mahali panapohusika. Jibu lilikuja na muhuri: halimo katika matumizi. Nikaliandika gazetini ili liwemo katika matumizi, na chumba cha habari, kwa wema wao, wakadhani ni kosa la chapa, wakaiondoa ile e kila ilipotokea. Wiki iliyofuata ndugu yetu wa utotiifu akaandika kunishangaa, kwamba nimetumia safu nzima kupendekeza neno mgomo, ambalo kila mtu analo. Mhariri wa ukurasa huu ameniahidi, mbele ya shahidi, kwamba safari hii e itabaki.